Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani: Historia ya Usalama wa Majukwaa ya Muda Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna jukwaa la muda la maonyesho ya hadhara lilivyoingia katika maisha ya watu wa Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania, na namna jukumu la kulinda usalama wake lilivyogawanyika tangu enzi ya ukoloni hadi sasa. Hoja ya msingi ni kwamba hatari ya majukwaa haya haikutokana na uhaba wa ujuzi miongoni mwa mafundi wa pwani. Ilitokana na mambo mawili. Kwanza, utaratibu wa vibali ulijengwa tangu mwanzo ili kusimamia saa, kelele na maneno, na haukujengwa ili kukagua kile kinachobeba watu. Pili, mabadiliko ya vifaa na ya matumizi yalimtenganisha anayejenga, anayepanda na anayeidhinisha. Makala yanatumia maandishi ya kihistoria yaliyochapishwa, msamiati wa Kiswahili, sheria za nchi na hesabu chache za uhandisi.

1.0 Utangulizi

Historia ya sanaa za maonyesho katika pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa upana. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alifuatilia safari ya ngoma ya beni kutoka miji ya pwani hadi bara. Kelly Askew, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 2002, aliufanya mji wa Tanga kuwa kitovu cha uchambuzi wa taarabu, dansi na siasa ya utamaduni wa taifa. Laura Fair naye, mwaka 2018, alitoa historia ya kumbi za sinema za mijini nchini Tanzania. Kazi hizi zinatueleza nani aliimba, aliimba nini, nani alimsikiliza na nani alimzuia. Makala haya yanauliza swali lililo jirani na hayo: msanii huyo alisimama juu ya nini, nani alikifunga kitu hicho, na nani alikihakiki kabla watu hawajakipanda?

Kwa madhumuni ya makala haya, jukwaa la muda ni muundo wowote unaosimamishwa kwa ajili ya tukio la saa au siku chache, kisha ukafumuliwa. Dhana hii inajumuisha sakafu ya wasanii, paa lake, minara ya spika na taa, bango la nyuma, na ngazi za kukalia watazamaji. Tofauti yake na jengo la kudumu si ya muda tu. Jengo la kudumu hupata michoro, kibali cha ujenzi na miaka ya kuonyesha nyufa zake. Jukwaa la muda hufungwa mchana, hubeba watu usiku na huondolewa kabla ya alfajiri, na ushahidi wa uimara au udhaifu wake huondoka nalo. Kwa sababu hiyo, mwanahistoria hana budi kuutafuta ushahidi huo katika lugha, katika desturi za uchezaji na katika sheria.

2.0 Jukwaa kabla ya msanii: uwanja, ulingo na kichanja

Ngoma za asili za pwani ya kaskazini, iwe kwa Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua au Waswahili wa mijini, zilichezwa chini. Mahali pake palikuwa uwanja, na umbo lake la kawaida lilikuwa duara au safu. Mpigaji, mchezaji na mtazamaji walikanyaga ardhi moja. Katika mpangilio huo hapakuwa na kimo cha kuanguka wala sakafu ya kuvunjika. Duara lenyewe lilitoa nafasi: watu walipozidi lilipanuka, na aliyetaka kuondoka aligeuka tu akaenda zake.

Hata hivyo, wenyeji wa pwani walijua vizuri kujenga vitu vya kupanda. Mkulima wa mpunga au mtama alisimamisha ulingo, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa, ili alinde shamba dhidi ya ndege, nguruwe na nyani. Mahali pengine liliitwa dungu. Ndani ya nyumba palikuwa na uchaga wa kuhifadhia nafaka. Mwashi naye alijifungia kichanja cha kupandia ukutani. Neno jukwaa lenyewe lina asili hiyo. Kamusi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zinalieleza kwa maana ya kichanja cha ujenzi na sakafu iliyoinuliwa. Maana ya mahali pa msanii au mwanasiasa, ambayo leo imetawala hata tukasema fulani amepanda jukwaani, ilikua juu ya maana hiyo ya kifundi.

Historia hii ya neno ina uzito katika hoja yetu. Inaonyesha kwamba kabla jukwaa halijawa la sanaa lilikuwa chombo cha kazi, na mara nyingi aliyelifunga ndiye aliyelipanda, au alikuwa ndugu yake au mwenziwe wa kazi. Fundi aliyefunga kichanja kwa uzembe alijihatarisha mwenyewe. Uhusiano huo wa karibu kati ya mkono unaofunga na mguu unaokanyaga ulikuwa kinga ya kwanza, ingawa haukuandikwa popote.

Vifaa navyo vilijulikana kwa majina na kwa vipimo. Miti ya mikoko iliuzwa kwa daraja kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mnunuzi aliyetaja boriti alikuwa ametaja pia uwezo wake wa kubeba. Viungo vilifungwa kwa kamba ya nyuzi za kumbi la nazi. Baada ya mkonge kuletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuifanya Tanga kuwa kitovu cha mashamba yake, kamba ya katani nayo ikapatikana kwa wingi. Kiungo cha kamba kina tabia mbili ambazo fundi alizifahamu. Hulegea kwa mabadiliko ya unyevu na ukavu, kwa hiyo kinahitaji kukazwa upya kila mara. Na kinapozidiwa, kwa kawaida huteleza na kulia kabla hakijaachia, kikampa mtu nafasi ya kushuka.

3.0 Enzi ya ukoloni: kibali, gwaride na ukumbi

Utawala wa Kijerumani uliifanya Tanga kuwa mji wa bandari na reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapo mwaka 1893, na shule ya serikali ilifunguliwa mjini katika miaka ya 1890. Sherehe za dola, hasa siku ya kuzaliwa ya mfalme wa Ujerumani tarehe 27 Januari, zilikusanya askari, wanafunzi na wenyeji kwa gwaride na ngoma. Ndipo ulipoanza kuonekana utengano mpya wa nafasi: wakubwa walikaa mahali palipoinuliwa na kutiwa kivuli, na watu wengine walipita mbele yao.

Beni ilizaliwa katika mazingira hayo ya pwani. Kama Ranger anavyoonyesha, vyama vya beni viliiga mwendo wa kijeshi, vyeo, sare na ala za shaba, na mashindano ya Marini na Arinoti yakaenea mbali hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba beni ilibaki kuwa sanaa ya barabarani na uwanjani. Ushindani wake ulikuwa wa mavazi, mwendo na idadi ya wafuasi. Watawala, Wajerumani na baadaye Waingereza waliouchukua mji mwaka 1916, waliiona kama suala la utulivu: umati ungepita wapi, saa ngapi, ungepiga kelele kiasi gani, na ungemtukana nani. Kibali cha ngoma mjini kilitokana na hofu hizo.

Urithi wa utaratibu huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Kibali cha ngoma kilitungwa kwa ajili ya tukio lisilokuwa na muundo wa kupanda. Hapakuwa na haja ya kuuliza juu ya nguzo na mbao, maana hazikuwapo. Wakati huo huo, upande wa pili wa sheria za mji ulihusu majengo. Kumbi za sinema za Tanga, kama Majestic, Novelty na Regal, zilikuwa majengo ya kudumu yaliyoingia katika utaratibu wa ramani na vibali vya ujenzi. Hivyo kukawa na njia mbili: tukio lisilo na jengo lilikwenda kwa msimamizi wa utulivu, na jengo lilikwenda kwa msimamizi wa ujenzi. Jukwaa la muda, ambalo ni tukio na jengo kwa pamoja, halikuwa na njia yake.

4.0 Taarabu, dansi na kuinuliwa kwa msanii

Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa katika miaka ya 1960, Tanga ilipata umaarufu mkubwa wa muziki. Bendi za dansi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilisikika nje ya mipaka ya mkoa. Katika taarabu, Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star Musical Club, ziliingiza magitaa ya umeme na mapigo yaliyomfanya msikilizaji atake kucheza. Sauti ya Shakila Saidi ilitokea katika mazingira hayo. Mtindo wa Tanga uliathiri taarabu ya Mombasa na ya miji mingine ya pwani.

Mabadiliko ya ala yalibadilisha pia mahitaji ya sakafu. Kikundi chenye udi, fidla na dumbaki kingeweza kukaa juu ya mkeka au viti, barazani au uani. Bendi yenye gitaa za umeme, vikuza sauti na spika ilihitaji nafasi kavu ya kuweka vyombo, njia salama ya nyaya, na kimo cha kumwezesha mtu wa nyuma kumwona mwimbaji. Umeme wenyewe ulikuwa jirani: kampuni ya umeme iliyoanzishwa mwaka 1931 ilizalisha nguvu kutokana na maporomoko ya mto Pangani kwa ajili ya mji na mashamba ya mkonge. Mahali ambapo shughuli ilifanyika nje, katika arusi, maulidi, sherehe za taifa au mikutano ya siasa, kimo hicho kilipatikana kwa kufunga jukwaa la miti na mbao.

Mageuzi ya kiuchumi na kisiasa yaliyofuata mwaka 1985 yaliongeza kasi. Kundi la Tanzania One Theatre lilianzishwa mwaka 1992, mwaka ule ule mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, na kampeni za uchaguzi wa mwaka 1995 ziliwaweka wagombea na wasanii juu ya sakafu moja. Baadaye matamasha ya kuzunguka mikoani, kama Fiesta, yaliuzoesha umma wa miji kama Tanga kuona uwanja wa mpira ukigeuzwa kuwa ukumbi kwa usiku mmoja. Mkwakwani na Tangamano ni majina yanayotajwa na kila mkazi wa Tanga pale panapozungumzwa mkusanyiko mkubwa. Tarehe 5 Agosti 2017, Marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, nje kidogo ya mji. Tukio la namna hiyo linaonyesha kiwango kilichofikiwa: mahali pa wazi kando ya bahari panatakiwa pawe na uwezo wa kupokea viongozi wa nchi mbili na umati wao kwa siku moja tu.

5.0 Kutunza: mzigo usioandikwa

Miongozo mingi ya kimataifa ya majukwaa huanza kwa kudhani kwamba wasanii wako juu na watazamaji wako chini. Katika taarabu ya pwani dhana hiyo haisimami. Askew ameeleza kwa kina desturi ya kutunza, ambapo mtazamaji, mara nyingi mwanamke, huinuka katikati ya wimbo, hucheza hadi mbele ya mwimbaji na kumpa fedha. Tendo hilo si shukrani tu. Aya ya wimbo inapogusa ugomvi uliopo mtaani, kutunza ni kauli: anayetunza anamwambia mtu fulani kwamba maneno hayo ni yake. Anapoinuka mmoja, wapinzani na marafiki huinuka naye. Ndiyo sababu ni vigumu kuizuia kwa tangazo la msemaji.

Tulitazame jambo hili kwa hesabu. Tuchukue jukwaa la mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24, lenye wanamuziki 15. Kwa wastani wa kilo 70 kwa mtu, uzito wao ni kilo 1,050, au takriban kilo 44 kwa kila mita ya mraba. Sasa watu 25 wapande kutunza na wasongamane mbele, katika eneo la mita za mraba 6 karibu na mwimbaji. Uzito wao peke yao ni kilo 1,750, yaani takriban kilo 292 kwa mita ya mraba: zaidi ya mara 6 ya uzito wa awali, na wote ukiwa ukingoni. Zaidi ya hayo, watu hao hawakusimama. Wanayumba kwa mdundo mmoja, na mzigo unaoyumba kwa pamoja husukuma nguzo ubavuni, si chini tu.

Viwango vinavyotumika kimataifa kwa sakafu inayoweza kujaa watu huanzia takriban kilonyutoni 5 kwa mita ya mraba, sawa na karibu kilo 500. Kwa hiyo sakafu iliyojengwa kwa viwango hivyo ingeweza kubeba kutunza. Tatizo ni sakafu iliyokadiriwa kwa macho, kwa kuhesabu wanamuziki na vyombo vyao tu. Fundi aliyeambiwa kwamba bendi ina watu 15 amejibu swali aliloulizwa. Aliyepaswa kumweleza habari ya watu 25 ni mwandaaji, ambaye anaijua desturi lakini haoni kuwa inahusu mbao. Ujuzi wote unaohitajika upo, ila umekaa kwa watu wawili wasiozungumza jambo hilo.

6.0 Mbao, mirunda na chuma

Historia ya vifaa inaongeza sura nyingine. Mikoko ya pwani ya Tanzania ni misitu ya hifadhi, na boriti iliyokuwa kifaa cha kawaida imekuwa adimu na yenye masharti. Mbao ngumu za Usambara Mashariki zilipasuliwa kwa wingi na viwanda kama Sikh Saw Mills cha Tanga, hadi uvunaji huo ulipozua mjadala mkubwa wa hifadhi katika miaka ya 1980. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997. Hatua hizo zilikuwa za lazima kwa vyanzo vya maji na bioanuwai. Matokeo yake kwa fundi wa jukwaa ni kwamba alihamia kwenye mirunda ya mikaratusi na mbao laini za mashamba ya miti.

Mrunda una faida ya kupatikana na bei nafuu, lakini hauna daraja la unene lililozoeleka kama lile la boriti na mazio. Hununuliwa ukiwa mbichi, hukauka, hupasuka na kupinda. Kamba nayo imeachia nafasi msumari. Msumari ni wa haraka, lakini hufanya kazi vizuri pale mzigo unapoukata kwa ubavu, na vibaya pale mzigo unapouvuta utoke. Mrunda uliotumika mara tatu una matundu ya misumari ya awali katika sehemu zile zile za kiungo. Kwa macho ni mti ule ule, ilhali nguvu yake imepungua.

Jukwaa la mabomba ya chuma na fremu za kuunganisha limekuja kama jibu, na kwa kweli lina ubora mkubwa. Vipande vyake vina vipimo sawa na uwezo unaojulikana. Lakini chuma nacho kina masharti yake. Fremu husimama kwa sababu ya vipande vya mshazari vinavyoizuia isilale ubavuni. Vipande hivyo ndivyo rahisi kuachwa, kwa kuwa muundo husimama wima bila hivyo muda wote ambao hakuna anayeucheza. Vilevile nguzo ya chuma ni nyembamba na hupeleka mzigo wake wote kwenye eneo dogo la ardhi. Katika pwani hii, ambako mchanga laini na mwamba wa matumbawe huweza kukutana ndani ya uwanja mmoja, nguzo mbili za jukwaa moja zinaweza kusimama juu ya ardhi za tabia tofauti. Bamba la chuma na ubao mpana chini ya kila nguzo, pamoja na timazi na pimamaji, ni mambo yanayojulikana kwa kila mwashi. Yanapoachwa, chanzo huwa ni haraka, wala si kutojua.

7.0 Upepo wa pwani na somo la mbali

Msimu wa pwani huamua shughuli nyingi. Kaskazi na kusi vilipangia majahazi safari, na wazee walizijua dalili za tufani. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kilichoharibu Zanzibar kinakumbusha kwamba hata bahari hii ina siku zake. Lakini hatari ya jukwaa haihitaji kimbunga. Inahitaji bango tu.

Jukwaa la zamani la miti lilikuwa wazi: upepo ulipita kati ya nguzo. Jukwaa la sasa hubeba kitambaa kikubwa chenye jina la mdhamini au sura ya mgombea. Shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi. Bango la mita 10 kwa 6 likipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayolingana na takriban kilo 375. Kasi ikifika mita 20 kwa sekunde, nguvu hiyo inafikia karibu kilo 1,500. Kasi imeongezeka mara 2, nguvu mara 4. Nahodha angesema kwamba huyo aliyetundika bango ametweka tanga bila kuweka mtu wa kulishusha.

Mifano ya nje inathibitisha. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana nchini Marekani, upepo uliotangulia mvua uliangusha paa la jukwaa na watu 7 wakafariki. Uchunguzi ulibaini kwamba kamba za kukazia zilifungwa kwenye vizuizi vya zege vilivyoburuzika badala ya kushika. Tarehe 5 Mei 1992 huko Furiani, kisiwani Corsica, jukwaa la muda la watazamaji lililosimamishwa haraka kwa ajili ya mechi ya Bastia na Marseille liliporomoka kabla mchezo haujaanza. Watu wasiopungua 18 walifariki na zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Mwaka 1995 Taasisi ya Wahandisi wa Miundo ya Uingereza ilitoa mwongozo mahususi wa miundo ya muda. Nchi zenye wahandisi wengi na sheria ndefu zilifikia hatua hiyo kwa kupitia misiba.

8.0 Sheria nyingi na pengo la kati

Tanzania haina upungufu wa vyombo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilisimamia kwa sehemu kubwa maudhui na vibali. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Bodi za usajili za wahandisi na makandarasi zina sheria zake za mwaka 1997. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na ile ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007. Polisi nao wana mamlaka juu ya mikusanyiko. Kila chombo kina sehemu ya ukweli: mmoja anaangalia wimbo, mwingine mfanyakazi, mwingine moto, mwingine umati, mwingine jina la mkandarasi.

Jukwaa la muda hupita kati yao. Fundi wa mirunda aliyeitwa kwa siku moja haonekani kama mkandarasi. Mwanamke anayepanda kutunza si mfanyakazi. Sakafu inayofumuliwa alfajiri haionekani kama jengo. Mgawanyo ule wa kikoloni, wa utulivu upande mmoja na ujenzi upande wa pili, haujafutika. Umeongezewa matawi tu.

Gharama ya pengo hili imeonekana nchini katika matukio ya mikusanyiko. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walifariki kwa msongamano katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walifariki kwa mujibu wa polisi wakati wa kuaga mwili wa Rais Magufuli. Matukio haya hayakusababishwa na kuvunjika kwa jukwaa, na si haki kuyatumia kana kwamba yalikuwa hivyo. Yanachofundisha ni jambo lingine. Katika yote mawili tukio lilijulikana mapema na mahali palijulikana, ila idadi ya watu ilizidi uwezo wa mahali. Maswali ya uwezo ndiyo yale yale ambayo jukwaa huyauliza kwa kipimo kidogo: panabeba wangapi, wanaingia na kutoka wapi, na nani ana mamlaka ya kusema basi?

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inapinga maelezo mawili yaliyozoeleka. La kwanza husema kwamba majukwaa huwa hatari kwa sababu mafundi wetu hawana elimu. Ushahidi wa ulingo, wa daraja za boriti na wa kichanja cha mwashi unaonyesha elimu ya muda mrefu. La pili husema kwamba tunahitaji sheria mpya. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mahali zinapokutana, siku ya tukio, mbele ya nguzo zenyewe.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Jiji la Tanga, ambayo ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, pamoja na wilaya jirani za Pangani, Muheza na Mkinga, zinaweza kuunganisha kibali cha tukio na hati moja fupi ya kukabidhiana jukwaa. Hati hiyo iwe na jina la aliyefunga, idadi ya watu wanaoruhusiwa juu kwa wakati mmoja wakiwamo wanaotunza, kasi ya upepo ambayo bango litashushwa, na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha muziki. Kutunza kwenyewe kunaweza kupangiwa nafasi imara chini, mbele ya mwimbaji, bila kuiua desturi. Mwimbaji akishuka hatua mbili kumfuata mtunzaji, heshima ya wote wawili inabaki pale pale.

Lengo la hatua hizo ni kurudisha kile kilichokuwapo kwenye ulingo wa shamba la mpunga, yaani uwajibikaji wa mtu anayejulikana kwa mtu anayepanda. Utafiti zaidi unahitajika kwa kuzungumza na mafundi wenyewe wa Tanga, Pangani na Bagamoyo, kabla majina ya vifaa na vipimo vya kazi yao hayajasahaulika. Kamusi imehifadhi neno jukwaa. Namna ya kulifunga imebaki mikononi mwa wazee wachache.